Petroli, haibridi au umeme: anza na njia unayopita

Ndugu na marafiki wanaotaka kuagiza gari kutoka Japani huniuliza mara kwa mara lipi ni bora kati ya la petroli, la haibridi (lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) na la umeme, nami huanza kwa kutaka kujua wanapita njia gani kila siku na gari litalala wapi usiku. Mimi ninaendesha Toyota Aqua ya haibridi jijini Dar es Salaam. Katika foleni ya asubuhi, ambapo injini huzimika na mota ya umeme ndiyo inayosogeza gari, hunipa karibu kilomita 20 kwa lita. Kwenye barabara ndefu isiyo na foleni, tofauti yake na gari dogo la petroli hupungua sana.

Tuchukue mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litamgharimu shilingi 250,000, na haibridi kama yangu shilingi 150,000. Ikiwa haibridi inazidi kwa shilingi milioni 3 wakati wa kununua, itamchukua miezi 30 kuirudisha tofauti hiyo, na hapo bado hajagharamia betri. Kwa hiyo anayeishi mkoani, asiyejua foleni na mwenye fundi wa kawaida tu karibu naye, anunue Toyota IST ya petroli bila wasiwasi.

Gari la umeme lina hesabu inayovutia zaidi. Nissan Leaf, gari la umeme tupu, hutumia takriban uniti moja kwa kilomita sita, na kwa bei ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya shilingi 356 kwa uniti, kilomita 1,000 hazifiki shilingi 60,000. Lakini mwenye mita ya matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, anayelipa bei nafuu zaidi, ajue kwamba gari pekee litamvusha kiwango hicho, na umeme wa taa na friji nao utapanda bei.

Kinachonitia shaka ni betri ya gari lililokwisha kutumika. Leaf za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 24 (yaani uniti 24), zilikwenda takriban kilomita 117 zikiwa mpya. Leo, baada ya betri kuchakaa, sithubutu kumshauri mtu aelekee nayo Morogoro. Betri hiyo haipozwi kwa maji, na joto huizeesha mapema. Dashibodi huonyesha afya yake kwa vipande 12, ila kwa kuwa wapo wauzaji wanaovirudisha kwa ujanja, ni heri kuipima kwa kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye gari kusoma taarifa zake, na programu ya simu ya LeafSpy kabla ya kulipa. Kwa haibridi, kagua tundu la hewa ya kupoza betri, ambalo huwa pembeni au chini ya kiti cha nyuma. Vumbi letu huliziba, na mikoba ya abiria humalizia kazi.

Mwisho ni suala la kuchaji. Soketi ya nyumbani huchukua usiku mzima, hivyo nyaya zikaguliwe kwanza na fundi umeme. Mpangaji anayechangia LUKU na wenzake atagombana nao ndani ya mwezi wa kwanza. Huyo ningemshauri achukue haibridi mpaka apate mita yake mwenyewe.