Mkubwa aseme mwisho

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mikutano ya kazini hula muda mrefu na kuzaa uamuzi mchache. Anayeiongoza afanyeje ili watu washiriki na kazi ionekane?"

Mhariri, mikutano mingi huharibika siku ilipoitwa, si siku ilipofanyika. Anayeongoza ana kazi mbili ambazo akizikosea hakuna mbinu itakayomwokoa: kuandika swali kabla hajawaita watu, na kupanga nani atangulie kusema na nani angoje. Mengine ni viungo. Hizo mbili ndizo mchele.

Tuanze na swali. Ajenda za afisi nyingi husomeka hivi: dua, kumbukumbu za kikao kilichopita, yatokanayo, barafu, boti, mengineyo. "Barafu" si hoja, ni neno tu. Aliyeletewa ajenda hiyo hajui aje na nini mkononi. Chukua chama cha wavuvi chenye ghala la samaki hapa Amu, yaani Lamu. Mwenyekiti wake aandike: "Je, tuongeze siku za kuleta barafu kutoka mbili hadi tatu kwa wiki, na fedha zitoke fungu gani?" Hapo karani wa mauzo ajua alete hesabu ya samaki walioharibika, nahodha ajua alete idadi ya safari na mafuta yaliyotumika, na asiyehusika na barafu ajua anaweza kubaki kazini kwake. Kando ya swali ziandikwe dakika zake na jina la atakayelieleza.

Kikao cha dakika 90 chabeba maswali matatu. La nne huamuliwa mbiombio, nalo hurudi kikao kijacho likiwa na hasira ndani yake. Swali gumu lisiwe la kwanza, maana wachelewaji wangali wakiingia, wala lisiwe la mwisho, watu wakichungulia saa. Liwe la pili. "Mengineyo" ningeyafuta kabisa. Hapo ndipo mwenye kinyongo hujificha na neno lake, akalitoa dakika tano kabla ya kufunga, na kikao kikaanza upya. Mwenye jambo alilete kabla ya kikao kufunguliwa, limeandikwa kama swali, liwekwe au liahirishwe mbele ya wote.

Na mwenyekiti akikaa na kalamu asipate hata swali moja la kuuliza, asiite mkutano. Atume ukurasa mmoja wa habari. Watu 12 wakiketi saa moja na nusu, hizo ni saa 18 za kazi, yaani zaidi ya siku mbili za mtu mmoja.

Saa ya kuketi, kwetu, haichaguliwi kwa kalenda peke yake. Chama chenye watu wa Faza, Siyu au Kizingitini, kule kisiwa cha Pate, chategemea mashua, na mashua zategemea Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara ambao maji yakitoka haupitiki vizuri. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kwa siku saba ni dakika 350, karibu saa sita. Maana yake ni kwamba Jumatatu ambayo maji yamejaa saa nne asubuhi, Jumatatu ifuatayo saa hiyo hiyo yamekupwa, na mara nyingi ni kupwa kwa bamvua, maji yakatoka mbali kuliko siku nyingine, mchanga wote nje. Anayepanga mkutano wa kila wiki saa ile ile basi amewafungia nje watu wa Pate nusu ya vikao, kisha akaandika kwenye kumbukumbu kuwa "hawakuhudhuria bila udhuru". Baada ya wiki mbili maji hurudi karibu na pale pale, tofauti haifiki saa nzima. Wenye kuvuka Mkanda waitwe kila baada ya wiki mbili, na mwenyekiti aulize manahodha kabla ya kutangaza tarehe.

Adhuhuri kwetu huingia kati ya saa sita kamili na saa sita u nusu, kutegemea mwezi. Kikao kinachoanza saa tatu u nusu hadi saa tano kina nafasi ya kupumua. Kinachoanza saa tano kitakatwa na adhana katikati ya uamuzi, na wanaorudi baada ya sala na chakula si wale walioondoka. Ijumaa usiiguse. Tena, kwenye hoteli za Shela zenye wageni ndani ya uongozi, andika saa kwa namna mbili, "saa 3 asubuhi, yaani 9:00". Kuna watu waliokuja saa tisa alasiri wakakuta viti vimeshapangwa ukutani.

Salamu nazo zipewe muda wake halali. Kumwambia mtu wa Amu aketi aanze na hesabu bila kuuliza hali ya nyumbani ni kumtia baridi, na aliyetiwa baridi hachangii. Tangazo liseme: kahawa saa tatu, kikao saa tatu na robo. Ile robo saa ni ya salamu, dua na tende. Ikiisha, mwenyekiti afungue hata kama viti vitatu viko tupu. Akiwangoja wachelewaji, amewafundisha waliowahi kwamba waje nyuma wakati mwingine. Anayeingia baadaye ainue mkono wa salamu kwa wote, asizunguke kupeana mikono, aketi, asome swali lililobandikwa ukutani. Asirudiwe yaliyokwisha semwa.

Sasa kazi ya pili, ambayo ndiyo yenye utamu na ndiyo hukosewa zaidi.

Katika afisi zetu kimya hutafsiriwa kuwa ni kukubali. Mara nyingi ni adabu tu. Kijana aliyelelewa asimkatize mzee hatampinga meneja mbele ya watu, hata akijua mashini ya boti haitafika mwezi wa Ramadhani. Atanyamaza ndani, kisha aseme yote barazani jioni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo husikika wiki tatu baadaye kazi ikikwama.

Dawa si kumwambia kijana "sema, usiogope". Kuambiwa hivyo mbele ya wote humwongezea woga. Badilisha mpangilio wa kusema. Swali liandikwe kwenye karatasi ya manila kwa herufi ambazo aliye nyuma azisoma. Mwenye swali alieleze kwa dakika tatu hadi tano bila kutoa pendekezo lake. Kisha dakika tatu za kimya: kila mtu aandika jibu lake kwenye kikaratasi, sentensi moja au mbili, na kukilaza kifudifudi mezani. Ndipo mzunguko huanza, dakika moja kila mtu, kutoka kwa aliyeajiriwa karibuni hadi kwa aliyekaa kazini zaidi, na mkubwa wa wote mwisho kabisa. Hakuna kujibizana mpaka mzunguko ukamilike. Watu 10 ni dakika 10. Mjadala wa wazi huanza hapo, na utashangaa ulivyo mfupi, kwa sababu tayari mwaona mnapokubaliana.

Vikaratasi vina sababu. Bila hivyo, wa tatu husema "naunga mkono aliyetangulia", wa nne vivyo hivyo, na mzunguko umekufa. Kilichoandikwa na kulazwa hakigeuki kwa aibu. Na mkubwa kungoja mwisho kuna sababu iliyo wazi zaidi pesa zikiingia. Meneja akianza na "naona laki mbili zatosha", watakaofuata watataja laki na themanini, laki mbili na ishirini. Hakuna atakayetaja elfu sitini, japo huenda ndiyo bei halisi. Namba iliyotangulia huzivuta zote.

Pana kosa jingine la mkubwa ambalo halionekani. Hasemi, lakini anatikisa kichwa, anaguna, anaandika akisikia lile analolipenda na kuacha kalamu akisikia asilolipenda. Watu husoma kalamu hiyo. Aandike yote au asiandike kitu. Na kama jambo ni lake mwenyewe, mfano bajeti ya idara yake, asiongoze kikao hicho. Ampe usukani mtu mwingine, yeye aketi kama mjumbe.

Itakuwaje kwa wasioandika? Mabaharia, wapishi na wasafishaji si lazima wawe na raha na kalamu. Wagawe wawili wawili, wanong'onezane dakika mbili, kisha mmoja aseme la mwenziwe: "Huyu aonelea hivi." Kubeba neno la mwenzio ni kwepesi kuliko kubeba lako, na hata mwenye haya hulisema kwa sauti. Usiwaweke pamoja mtu na msimamizi wake. Wenye kushiriki kwa simu kutoka Mombasa au Nairobi waanze wao kwenye mzunguko, na mmoja chumbani apewe kazi ya kuwasemea mtandao ukikatika.

Viti navyo vina kauli. Meza ndefu yenye kichwa humfanya kila mtu azungumze na aliye kichwani. Panga nusu duara ikielekea ile karatasi ya ukutani, kwa watu wanane hadi 12. Wakizidi hapo, hicho ni kikao cha kutoa habari, na kiendeshwe hivyo.

Taarifa ndefu zisisomwe kwa sauti. Zitumwe siku mbili kabla, na kwa kuwa wengi hawatazisoma, tenga dakika nane za mwanzo zisomwe kimya wote wakiwa pamoja. Kampuni ya Amazon ya Marekani imejulikana kwa desturi hii, kwao andiko hufika kurasa sita. Kwa chama cha wavuvi, ukurasa mmoja na nusu watosha.

Njia ya kuamua itajwe kabla ya mjadala, si baada. Ziko tatu: mkubwa ataamua baada ya kuwasikia, au wengi wape, au tutazungumza mpaka kila mmoja aridhie. Zote ni halali. Kinachowaudhi watu ni kuambiwa "tuamue pamoja" na kumbe uamuzi ulishaandikwa. Kwa kupima hali haraka tumia vidole: kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, wote wainue pamoja, tano maana yake naunga mkono kwa moyo, sifuri siwezi kabisa. Mkubwa asiinue. Aliyeonyesha chini ya vitatu aulizwe swali moja tu: "Nini kingekupandisha kidole kimoja?" Usimuulize kwa nini anapinga, utamtia kwenye ulinzi. Machaguo yakiwa mengi, mfano sita, mpe kila mtu komwe mbili za bao azitie katika vikombe vilivyoandikwa majina ya machaguo. Hesabu nzuri ni komwe kwa theluthi ya machaguo. Vikombe vikae nyuma ya pazia au chumba cha pili, vinginevyo watu hufuata kikombe kilichojaa.

Maneno yatatoka njiani, hilo halizuiliki. Weka karatasi ya pili ukutani, iitwe Nanga. Mtu akileta la mshahara katikati ya la barafu, liandike pale kwa maneno yake mwenyewe, umuulize "ndivyo ulivyosema?", muendelee. Hasara ya Nanga ni kugeuka kaburi. Dakika tano za mwisho kila kilichotiwa nanga kipewe mtu na tarehe, au kifutwe mbele ya aliyekileta. Likifukiwa mara mbili bila jibu, hataleta la tatu.

Katibu asiwe kila siku yule binti mdogo wa afisi. Anayeandika hapati nafasi ya kusema, na kwa njia hiyo afisi nyingi zimemnyamazisha mtu mmoja mwaka mzima bila kukusudia. Kazi izunguke. Mshika saa awe mtu mwingine tena, naye aonyeshe kadi ikibaki dakika tano, bila kukatiza.

Kumbukumbu ziwe ukurasa mmoja. Nani alisema nini haina faida, huleta ugomvi tu. Zibaki safu tatu: nini, nani, lini. "Kamati itafuatilia" isiandikwe kamwe, kamati haina simu. Liandikwe jina la mtu mmoja, hata kama atasaidiwa na wanne, na kabla ya dua ya kufunga kila mwenye jina asome la kwake kwa sauti yake: "Mimi nitaleta bei tatu za injini kabla ya Alhamisi." Hapo ndipo hujitokeza yule asemaye, "Alhamisi sitakuwapo, nakwenda Mokowe." Afadhali lijulikane sasa. Karatasi ifike kwa wote ndani ya saa 24, na kwenye kundi la WhatsApp iwekwe kama ilivyo. Uamuzi wa kikao usivunjwe kwa ujumbe wa usiku. Anayetaka kuuvunja aandike swali, liingie kikao kijacho.

Nacho kikao kijacho kianze na zile safu tatu, dakika 10 tu, majibu yakiwa "tayari", "bado" au "imeshindikana". Jambo likisomwa "bado" mara mbili mfululizo, lirudishwe kwenye meza kama swali jipya: je, bado twalitaka?

Msomaji wenu,
Langoni, Amu