Kofia ya mkono, kanga ya manjano na "kujionesha": jibu la fundi cherehani

Assalaam alaykum wanajukwaa, na wewe kijana uliyeanzisha uzi.

Nimekusoma mara mbili. Umetoka Unguja kwenda kusoma Dar, unavaa jinzi na fulana kama wenzako, lakini juu una kofia ya mkono, yaani iliyoshonwa kwa sindano na si kwa mashine, na kidoleni una pete ya jiwe la akiki aliyokuachia babu yako. Wenzako wa hosteli wanakwambia unajionesha. Ukauliza mavazi ni kujieleza au kujionesha, na kama ufuate fasheni inavyokwenda au ushike lako. Waliotangulia kukujibu karibu wote wamekwambia vaa upendavyo, maisha ni yako.

Mie siafiki, au tuseme siafiki moja kwa moja. Nashona nguo za watu mwaka wa ishirini na tatu huu, nilianzia kwetu Wete, Pemba, sasa nipo mjini Unguja, na nguo inayojisemea peke yake sijaiona. Nguo husema na mtu. Sasa wewe unasema na nani, na huyo anajua kuisoma?

Ngoja nikupe kisa changu, cha aibu, ila nishakisimulia mara nyingi hata aibu imechuja.

Alinijia mwari mmoja, kaolewa hata miezi mitatu haijatimia, na doti ya kanga ya manjano na nyeusi. Kaipenda rangi. Anataka gauni la kuendea shughuli kwa wakwe zake, mara ya kwanza kuonana na ukoo mzima. Jina la kanga: NILIDHANI DHAHABU KUMBE ADHABU. Mnaoijua kanga mnajua, jina linakaa upande wa chini wa mji, yaani ule uwanja wa katikati, juu kidogo ya pindo. Mie nililisoma, naam, lakini nililisoma kifundi, yaani kama kipimo. Mwari mwenyewe mwembamba, kwa hiyo nilitaka kanga moja niipasue katikati, nusu iwe mbele na nusu nyuma, na ile ya pili itoe mikono na mtandio. Katikati khasa mkasi ungepita ndani ya neno "dhahabu". Nikaona si vizuri kukata neno. Nikausogeza mkasi vidole viwili.

Ule usahihi wangu ndio ulioniponza. Gauni likatoka safi, mbele chini limeandikwa NILIDHANI DHAHABU, nyuma chini KUMBE ADHABU.

Alipojaribu mbele ya kioo tuliiona dhahabu tu. Akaenda shughulini. Na shughuli zetu mnazijua, wakubwa wamekaa chini kwenye mikeka, macho yao yapo sawasawa na upindo wa gauni. Kaingia, kila mtu kafurahi, dhahabu imekuja. Kasalimia, kapeana mikono, halafu kageuka kwenda jikoni kusaidia. Mama mkwe wake hakusema neno mbele za watu. Alingoja wageni waondoke ndipo akamuuliza, "Mwanangu, hiyo adhabu ndiyo sisi?"

Asubuhi mume wake yuko mlangoni kwangu, gauni limekunjwa ndani ya kikapu. Nililifumua upindo nikatia kitambaa cheusi, bila ya malipo, lakini maneno yalishatoka. Ikabidi mie na yule mwari tufuatane Mchangani, mtaa wa maduka hapa mjini, kutafuta doti ya kuombea radhi. Tuliingia maduka matano, na safari hii tulikuwa tunasoma kwanza, rangi baadaye. Tukachukua MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI. Bibi yule aliipokea, akaisoma, akacheka mpaka akafuta machozi. Anayo hadi leo, na akinipita njiani hunionesha jina kwa kidole.

Mwari yule hakukusudia kumwambia mtu kitu, lakini alisema, na alisikika. Ndiyo maana "vaa upendavyo" hainitoshi.

Sasa hili la kujionesha. Zamani za utumwa hapa visiwani mtu alijulikana kwa nguo kabla hajafungua mdomo. Mtumwa alivaa merikani, ile pamba isiyo nakshi iliyoletwa na meli za Kimarekani, au kaniki iliyotiwa nili. Kichwa wazi, miguu mitupu. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, watu hawakungoja kuelekezwa wavae nini. Wanawake waliokuwa watumwa jana yake wakaingia kwenye kanga za rangi, wakajitanda vichwani, na baadaye wakavaa baibui, vazi ambalo mwanzo lilikuwa la mabibi wa majumba makubwa. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Kanga yenyewe ilikuwa bado changa. Jina leso, wanaloliita wenzetu wa Mombasa mpaka leo, ni la Kireno, na majina ya mwanzo kwenye kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Sina shaka walikuwepo waliowatazama wale watu na kofia zao mpya wakasema hawa nao wanajionesha. Na kweli walikuwa wanajionesha! Walikuwa wanaonesha kwamba si mali ya mtu. Kwa hiyo wenzako wakikwambia neno hilo usikimbilie kukataa.

Na kofia yako hebu itazame vizuri. Marehemu mama yangu alikuwa mshonaji wa kofia, na hela ya daftari zangu za skuli ilitoka humo. Kitambaa cheupe kinachorwa ua kwa penseli, kinatobolewa kitundu kimoja kimoja, kila kitundu kinazungushiwa uzi mpaka kiwe jicho dogo gumu. Alikuwa anakaa barazani alasiri, akishamaliza kuosha vyombo, anashona mpaka jua linazama, na kwa mwendo huo kofia moja ilimchukua miezi. Si kwa uvivu. Ni kwamba alishona baina ya kazi nyengine zote. Alikuwa akiiona kofia ya mtu msikitini Ijumaa, yeye yuko ng'ambo ya barabara, anakwambia "hii mkono wa fulani, naona bado anavuta uzi sana". Anayevaa kofia ya mkono anasema kuna mtu alimkalia kitako kwa ajili yake, mama, mke, mchumba, au fundi aliyelipwa vizuri. Siku hizi zipo za mashine zinazokuja kwa makontena, kwa mbali ni zile zile. Wenzako wa hosteli hawawezi kuona tofauti. Kwao wewe umevaa "kofia ya Kizanzibari", basi. Ni kama kumsomea mtu barua kwa lugha asiyoijua, halafu ukasirike hajalia.

Pete nayo hivyo hivyo. Akiki ndani ya fedha, si dhahabu, kwa sababu dhahabu mwanamume wa Kiislamu havai, na Mtume (SAW) alivaa pete ya fedha. Pete moja ina dini ndani yake, ina babu yako, na ina mtu ambaye angeweza kununua kitu cha kung'ara zaidi akaacha.

(Kina dada msinune, vya kwenu navijua. Kikuba cha asumini, rihani na mlangilangi kinachopachikwa kifuani ni pambo la kusomwa kwa pua, na kesho yake kimeshakufa. Sijaona duka la vito linaloweza hilo.)

Kuhusu kufuata fasheni, nitakwambia ya ami yangu. Miaka ya mwanzo ya 1970 Zanzibar ilipiga marufuku suruali za bugaluu na sketi fupi. Ami yangu alikuwa kijana, mpenda senema, kaona bugaluu kwenye skrini akamuomba fundi amshonee kwa siri, chini pana kama mdomo wa parapanda. Siku ya kwanza tu kukutana na waliokuwa wakisimamia amri hiyo, mkasi ulipita kuanzia ugokoni. Alirudi nyumbani na suruali ya nusu miguu. Kilichonishangaza ni kwamba hakuitupa. Aliiweka sandukuni, na mie nimeiona kwa macho yangu, kitambaa cha kijivu, ukingo wake umetatuka vibaya. Ilikuwa ni fasheni ya kupita, wala haikudumu hata huko ilikotoka, lakini kwake yeye ilikuwa neno alilokatizwa katikati. Kwa hiyo sisemi mtindo wa msimu ni upuuzi.

Ila msimu wetu si wao. Huko Paris na Milan wanahesabu kipupwe na kiangazi, sisi hapa msimu ni mwezi. Rajabu na Shaabani harusi zinakimbizana kabla ya kufunga, kila kundi na sare yake. Ramadhani ikifika katikati mie naandika mlangoni SIPOKEI TENA, na bado wanaleta wao, wanatupa kitambaa dirishani. Baada ya tarawehe cherehani inalia mpaka daku. Kila mmoja ana picha kwenye simu, "nataka kama hii", na mwaka una picha yake. Upo mwaka wa dira, ukaja mwaka wa majuba ya mawe mawe ya Dubai, ukaja wa mikono iliyokatwa kama mbawa za popo, ambayo ikikutana na bakuli la mchuzi wa Idi mosi ni msiba. Mwaka wa uchaguzi nao ni msimu, mteja anatazama kitambaa anauliza rangi hii watanihesabu wa wapi. Mie nashona yote. Ninachokiona ni kwamba picha ni ile ile, lakini wawili hawaivai sawa. Huyu ataongeza pindo la kanga ya bibi yake kwenye mkono, yule ataitoa mawe yote. Hapo kwenye kuongeza na kutoa ndipo ninapomjua mtu.

Mwanangu wa pili anasomea ubunifu wa mavazi, na ndiye aliyenionesha kazi za Hussein Chalayan, mbunifu mzaliwa wa Saiprasi aliyejijengea jina London. Mwaka 1993, kazi yake ya kumalizia chuo, alizifukia nguo ardhini pamoja na vumbi la chuma, akazifukua zimeshika kutu. Nilimwambia mwanangu huyu angekuwa mwanafunzi wangu ningemfukuza. Akanionesha ya mwaka 2000. Meza ya mbao ya duara, msichana anaingia katikati yake, anaipandisha kiunoni, meza inakuwa sketi. Na vitambaa vya viti vinavaliwa kuwa magauni. Wazo lake ni watu wanaolazimika kukimbia kwao wakibeba wanachoweza, na kisiwa chake kiligawanyika vipande viwili mwaka 1974.

Hapo nilinyamaza. Nilimkumbuka bibi yangu na ncha ya kanga yake, iliyokuwa na fundo muda wote: fedha, ufunguo wa sanduku, kijiti cha udi. Kanga ile ile ilikuwa mbeleko, shuka, pazia, kata ya kubebea ndoo. Issey Miyake, Mjapani, alijenga jina lake juu ya wazo la kipande kimoja cha kitambaa na mwili. Bibi asingeelewa kwa nini hilo linahitaji jina.

Nilidhani hapo nimemaliza kujibu, lakini kuna mteja wa mwezi uliopita ananiharibia hoja. Binti wa chuo kikuu, kaleta kitambaa cheusi cha juba, hataki ua, hataki jiwe, hataki hata uzi wa rangi. Halafu akatoa kanga. "Hii iwe bitana," akasema, "na jina lije hapa," akaweka kiganja kifuani, upande wa moyo, kwa ndani. Nikamuuliza nani atakayelisoma. Akasema, "Mie." Nimemshonea. Nilipitisha mkono kuhakikisha herufi hazionekani hata akisimama juani. Kwa hiyo pale juu niliposema nguo husema na mtu, muwekeni huyu binti pembeni, sijui nimtie wapi. Jina lenyewe aliniomba nisimwambie mtu.

Wewe kijana, kofia usiitie kwenye mashine ya hosteli, vitundu vitafumuka. Ifue kwa mkono, ipige wanga mwepesi, ikaushe juu ya bakuli lililofudikizwa. Na ukija likizo pita dukani kwangu nayo. Kama imeshonwa Wete zama za mama yangu, nina matumaini ya kukwambia ni mkono wa nani.