Usianze na Skana, Anza na Bibi

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji kutoka Morogoro. Bibi yake ana kopo la biskuti lililojaa picha za zamani, na siku hizi majina yanamponyoka. Anauliza anunue skana gani ili awarushie ndugu picha zote kwenye grupu la ukoo.

Mdogo wangu, skana utaikuta dukani hata mwakani. Kaa na bibi leo.

Kwetu Korogwe tuna picha ya babu na wenzake wawili, wamesimama stesheni na sare zao zilizonyooshwa pasi, nyuma yao behewa la mizigo. Ni ndogo, haizidi kiganja, kingo zake zimekatwa meno meno. Baba alishikilia kwamba ni ya miaka ya sabini. Nikaikuza kwenye simu mpaka beji ya kofia ikasomeka: EAR&H, lile Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Liliundwa 1948, na 1969 reli na bandari zikatenganishwa. Basi picha ni ya miaka hiyo ya kati. Nilifurahi mno, maana ukoo mzima ulikuwa ukirudia tarehe ile ya uongo kila Idi.

Lakini beji haikunipa jina la mtu wa katikati. Alikuwa nalo bibi. Nilikaa naye barazani, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikampa picha aishike. Sikumuuliza "huyu nani?", kwa sababu mzee jina likimkataa huona haya akanyamaza. Nilimuuliza siku ile walikula nini. Akacheka! Walikula wali wa nazi na papa, kapika mwenyewe kwa haraka, kwa kuwa babu alimletea mgeni wa kutoka Voi bila taarifa. Mgeni ndiye yule wa katikati, na jina likaja lenyewe, pamoja na la mkewe.

Walifanya kazi pamoja kwenye njia ya Tanga na Moshi, ile inayokutana na reli ya Voi pale Kahe. Jumuiya ilipovunjika 1977 mgeni akarudi kwao Kenya, mpaka ukafungwa, na ulipofunguliwa 1983 babu alikuwa ameshafariki.

Nilirusha picha pamoja na sauti ya bibi. Binamu yangu aliyeolewa Mombasa akaipeleka kwa wastaafu wa reli wa huko, na watoto wa mgeni wakapatikana. Wanayo picha hiyo hiyo, imetundikwa sebuleni. Miaka yote hawakujua yule wa kushoto ni nani. Sasa wanamwita babu yetu kwa jina lake, na mimi nikisikia hivyo kifua kinajaa.

Kwa hiyo maneno kwanza, picha baadaye. Ukishayapata, yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini. Wino hupenya ukachafua uso. Picha iliyogandia kioo cha fremu usiibandue, ipige humo humo. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo itabanwa na nyuso zitapoteza ukali. Picha za akina mama walio bila mtandio, waombe ruhusa wenyewe au watoto wao kabla hujazirusha. Zilipigwa ndani, kwa macho ya ndani. Na narudia, kaa na bibi, rekodi sauti.

Liko jambo linaloniuma mpaka leo. Bibi alipofariki, kabla hata ya arobaini, ndugu yetu mmoja aliondoka na albamu ya harusi. Kila tukiiulizia anajibu kwamba ameitunza kabatini. Kutunza gani huko, wajukuu hawajui bibi yao alivaa nini siku alipoolewa? Picha za ukoo hazina mrithi mmoja. Anayezificha anawanyang'anya hata watoto wake mwenyewe, kwa maana wanaozijua nyuso zile wanazidi kupungua, na kabati haliwezi kuwasimulia.

Ndugu yangu, najua unanisoma. Albamu baki nayo, sitaigombea tena. Nipigie kurasa zote kwa simu unitumie, na kila picha inayotoka uigeuze uipige na nyuma, maana bibi aliniambia majina ya waliomsindikiza aliyaandika huko.