Je, nipunguze upepo wa matairi ninaposhuka Kyela?

SWALI: Ninaishi Uyole, Mbeya, na gari langu ni Toyota Noah lenye matairi ya tyublesi, yaani yasiyotumia tyubu, ya saizi 195/65R15. Karibu kila wiki ninashuka Kyela kupitia Tukuyu na kurudi na magunia ya mchele. Baada ya kupata pancha mbili ndani ya mwezi mmoja, fundi aliniwekea tyubu katika matairi ya nyuma, kisha akanishauri nishushe upepo hadi 25 kila ninapoteremka, kwa sababu joto la Kyela hupanua upepo na kupasua tairi. Nilipomwonesha kibandiko cha mlangoni chenye namba 230, alisema hiyo ni ya Japani, kwenye baridi. Je, yuko sahihi? Na kama ni kweli kwamba yanakuja matairi yasiyojazwa upepo, je, nisubiri hayo?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako amekosea katika yote mawili, na ningekuomba usishuke Kyela tena kabla hujazitoa hizo tyubu. Namba 230 ya kibandiko ni kilopaskali, nayo ni sawa na pauni 33 katika geji zetu. Haijaandikwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Japani. Imeandikwa kwa kufuata uzito wa gari lako na saizi ya tairi, vitu ambavyo havibadiliki gari linaposhushwa bandarini. Kuhusu matairi yasiyo na upepo, kampuni ya matairi ya Michelin na ile ya magari ya General Motors walionesha la kwao mwaka 2019 wakaliita Uptis, lakini mimi sijaliona katika duka lolote la Mbeya, kwa hiyo usisubiri.

Suala la kupunguza upepo naulizwa karibu kila siku, na waulizaji ni watu makini wanaoogopa kupasukiwa tairi mteremkoni. Ni kweli kwamba upepo hupanuka kwa joto, ila hakuna anayejisumbua kupiga hesabu unapanuka kiasi gani. Chukua safari yako mwenyewe. Umejaza pauni 33 asubuhi hapa Mbeya, tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na baridi ni nyuzi 10. Lipeleke tairi hilo Kyela, mita 500 hivi, kwenye nyuzi 30. Joto peke yake litapandisha geji kwa zaidi ya pauni tatu, lakini hewa ya huko bondeni ni nzito kuliko ya huku, nayo inalibana tairi kwa nje na kurudisha karibu pauni mbili. Tofauti inayobaki ni kama pauni moja na nusu. Hiyo ndiyo hatari unayoambiwa uikimbie kwa kumwaga pauni nane.

Mwendo nao utaongeza pauni nne au tano tairi likipata moto, na hilo waliolitengeneza walilijua tangu mwanzo. Ndiyo maana namba ya kibandiko hupimwa tairi likiwa la baridi, gari likiwa limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu na zaidi. Anayesimama Tukuyu, akagusa tairi, akaona lina moto, kisha akabonyeza vali ili kulipumzisha, anaondoka na tairi ambalo kesho asubuhi litakuwa chini sana bila yeye kujua.

Tairi hupasuliwa na joto linalozalishwa ndani ya mpira wenyewe, na joto hilo huletwa na upepo mdogo. Kila sehemu inayogusa lami hubonyea kisha hunyooka, na tairi la saizi yako hufanya hivyo karibu mara 500 katika kila kilomita moja. Upepo ukipungua, kubonyea kunazidi, kuta za pembeni zinapata moto, mpira unaanza kuachana na nyuzi zake, na siku ya kupasuka dereva anasema ni jua. Pembeni mwa tairi lako huenda kumeandikwa 91, maana yake ni uwezo wa kubeba kilo 615, lakini uwezo huo ni wa tairi lililojazwa ipasavyo. Mzigo wa mchele unabebwa na upepo uliomo ndani. Ukiupunguza, umepunguza idadi ya magunia unayoruhusiwa kubeba.

Mwezi uliopita nilifungua tairi la Noah kama hilo lako. Kwa nje kashata, yaani mpira wenye mifereji unaogusa barabara, zilikuwa nzima kabisa, mwenyewe akiamini kwamba amebakiza mwaka mzima. Nilipoliinua kutoka kwenye rimu ukamwagika unga mweusi wa mpira, laini kama kahawa iliyosagwa, ukajaza kiganja. Ndani, kuzunguka ukuta wote, palikuwa na mkanda uliosuguka hadi nyuzi zikaonekana. Humo mlikuwa na tyubu pia, na maandishi ya ndani ya tairi yalikuwa yamejichapa juu yake kinyumenyume, na mahali palipokuwa na kibandiko cha kiwandani tyubu ilikuwa imekwisha na kubaki nyembamba kama puto.

Hapo ndipo tunafika kwenye pancha zako. Tairi la tyublesi limepakwa kwa ndani tabaka la mpira maalumu usiopitisha upepo, na msumari ukiingia, mpira huo huubana, upepo ukatoka polepole kwa saa nyingi, pengine kwa siku kadhaa. Ukiweka tyubu umeifuta faida hiyo yote, kwa maana tyubu ikitobolewa hupasuka, na upepo wote hukimbilia kwenye tundu la vali na kuisha katika muda mfupi, huku wewe ukiwa kwenye kona. Aidha, tyubu inasuguana na ukuta wa tairi na kuongeza joto lile lile tunalolikimbia. Pancha ya tairi hili huzibwa kwa kulivua, kulikagua kwa ndani, na kuweka kiraka chenye kishina kinachojaza tundu. Nayo huzibwa iwapo tu tundu liko kwenye kashata na halizidi milimita 6. Likiwa ubavuni, tairi hilo limekwisha. Fundi anayekwambia tyubu ni nafuu anasema kweli kuhusu bei yake yeye tu.

Najua mazoea haya yalikotoka. Wazee wetu walijifunza udereva kwenye matairi ya nailoni, ambayo tabaka zake hupishana kimshazari na ubavu wake ni mgumu, hivyo mtu alipiga teke akajua upepo umetosha. Tairi la waya, ambalo Michelin walilipatia hataza mwaka 1946, nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mikanda ya waya imelala chini ya kashata. Ubavu wake hutuna kidogo hata likiwa na upepo kamili. Kwa jicho huwezi kutofautisha 33 na 25. Tusijione kuwa ni sisi pekee tuliochelewa: Marekani yenyewe ilingoja hadi miaka ya 1970 ndipo tairi hilo likawa la kawaida. Tena huko huko, mwaka 2000, kampuni ya matairi ya Firestone iliyarudisha kutoka sokoni matairi milioni 6.5 baada ya ajali nyingi za Ford Explorer, gari ambalo kampuni yake ilikuwa imependekeza lijazwe pauni 26. Kasoro za matairi yenyewe zilikuwapo, lakini upepo mdogo, mzigo na joto vilikuwa sehemu ya ugomvi huo, na kutokana nao ikaja sheria iliyolazimisha taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua. Japani haikuilazimisha, na kwa kuwa magari yetu mengi yanatoka huko, wengi wetu hatuna taa hiyo. Nunua geji yako mwenyewe, upime kila wiki kabla ya kuwasha gari. Naitrojeni unayouziwa kwa bei ya juu waachie wenye fedha za kuchezea. Hewa tunayovuta tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Mkulima anayepunguza upepo ili apite kwenye tope la shambani simlaumu, mradi aende polepole na ajaze tena kabla ya kupanda lami.

Utakapokwenda kununua mengine, tahadhari na matairi ya mtumba yanayong'aa. Wapo watu, na hapa mjini ninawafahamu kwa kazi zao ingawa si kwa majina, wanaochukua tairi kipara, wakalichonga mifereji upya kwa kisu cha moto na kulipaka rangi nyeusi. Mpira uliobaki juu ya waya unakuwa kama ganda la yai. Mvua za Rungwe zinaingia, waya unaota kutu, na kashata inabanduka yote kwa mkupuo mmoja. Angalia ndani ya mfereji: tairi la kweli lina vijiti vidogo vya mpira vinavyoonesha kikomo cha milimita 1.6, na la kuchongwa halina kwa sababu kisu kimevipitia. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, ambapo 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mara nyingi namba hiyo iko upande mmoja tu wa tairi, na juma lililopita muuzaji mmoja alikataa katakata kunigeuzia tairi lake niuone upande wa pili.