Dripu ya lita moja kwa saa 8: matone mangapi kwa dakika? Mimi nimepata 125.

Ni 42. Hiyo 125 uliyopata ni mililita kwa saa, siyo matone. Zidisha 1000 kwa 20, yaani matone yanayofanya mililita moja, kisha gawanya kwa dakika 480: inakuja 41.67, na tone halikatwi vipande, kwa hiyo 42. Ila soma kwanza pakiti ya mpira wa dripu. Ukikuta imeandikwa 60, ile ya matone madogo inayotumika sana kwa watoto, basi hiyo 125 yako ndiyo jibu sahihi kabisa! Swali la mtihani lisipotaja aina ya mpira, andika wazi kwamba umetumia 20. Wodini, hesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde, dakika nzima.