Mashine Ikinyamaza: Kwa Mnaoanza Mifumo Endeshi Sambazwa

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa tatu, Jumamosi nyingi huwa nakaa na wenzenu katika chumba kimoja hapa Kondele, Kisumu, tukipitia somo hili la mifumo endeshi sambazwa, yaani programu zinazoendesha kompyuta nyingi zilizounganishwa. Wengi huja na madaftari yaliyojaa fasili na orodha za faida na hasara. Hayo mtayasoma kwa jioni moja. Kwamba mtafiti Tanenbaum na wenzake kule Amsterdam walijenga mfumo endeshi uitwao Amoeba ili kompyuta nyingi zionekane kwa mtumiaji kama moja, pia ni jambo la kusoma likaisha. Linalohitaji muda wenu ni hili: kompyuta ikinyamaza, zilizobaki haziwezi kujua kama imekufa, imechelewa, au ni njia iliyokatika.

Chukua mfano wa kila siku. Umemtumia mama shilingi 500 za dawa, simu ikakwama, na ujumbe wa kuthibitisha haujaja. Labda ombi halikufika. Labda lilifika, pesa zikaenda, kilichopotea ni jibu. Labda bado liko njiani. Wewe uliyeshika simu unaona kitu kilekile katika hali zote tatu. Ukituma tena, huenda ukakatwa mara mbili. Usipotuma, huenda mama akalala bila dawa. Ndiyo maana kila ombi hupewa namba yake ya pekee, na seva huhifadhi namba ilizokwisha kushughulikia. Ombi likirudi, seva inatoa jibu lilelile bila kukata pesa upya. Linganisheni pia amri mbili: "ongeza 500" na "salio liwe 1,500". Ya kwanza ikirudiwa inaharibu hesabu. Ya pili hata ukiirudia mara kumi salio halibadiliki, ingawa nayo ni hatari endapo mtu mwingine ameweka pesa katikati. Mkilielewa jambo hili vizuri, sura nzima ya kuita kazi kwenye mashine ya mbali itawaingia bila kukariri.

Kuhusu saa, chukueni karatasi. Mwanasayansi wa kompyuta Lamport alionyesha mwaka 1978 kwamba tunaweza kupanga matukio bila kutegemea saa ya ukutani. Kila mashine inatunza hesabu yake, inayopanda kila tukio linapotokea. Tuseme mashine ya Kisumu ina hesabu ya 4. Inatuma ujumbe, inapanda hadi 5, na ujumbe unabeba hiyo 5. Mashine ya Nakuru ilikuwa na 2. Ikipokea, inachukua iliyo kubwa kati ya 2 na 5, inaongeza moja, inakuwa 6. Choreni na Kakamega, tumeni ujumbe kama kumi hivi, mhesabu kwa mkono. Mtego wa mtihani uko hapa: tukio likisababisha jingine, namba yake lazima iwe ndogo, lakini namba kuwa ndogo hakuthibitishi kwamba tukio lilitangulia. Nimeona wanafunzi hodari wakipoteza alama kwa sentensi hiyo moja.

Sasa niwaeleze lililonifunza zaidi. Mradi wetu ulikuwa laptopu tatu zilizounganishwa kwa swichi ya mtandao, zikitunza nakala tatu za daftari moja la akaunti. Kiongozi akinyamaza sekunde mbili, mashine nyingine inajitangaza kiongozi. Tuliujaribu wiki nzima, ukafanya kazi. Jioni moja stima ikapotea. Laptopu ziliendelea kwa betri, ila swichi ilitegemea stima ya ukutani, ikazimika. Kila mashine ikaona wenzake wamekufa, ikajipa uongozi, ikaendelea kuandika. Stima iliporudi tulikuwa na viongozi watatu na madaftari matatu yasiyopatana. Mhadhiri akauliza, "Lipi ndilo la kweli?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hakuna mashine iliyokuwa na kosa: kila moja ilifanya tuliyoiagiza.

Dawa yake ni wingi wa kura. Mashine isiongoze bila kura mbili kati ya tatu, yake ikiwemo, na maandishi yasikubaliwe kabla hayajafika kwenye wingi huo. Swichi ikizimika basi, hakuna anayeweza kukubali maandishi mapya. Huduma inasimama hadi njia irudi. Kwa daftari la pesa mimi naona kusimama ni bora kuliko kudanganya. Kwamba njia ikikatika lazima uchague kimojawapo, mtafiti Brewer alilitaja mwaka 2000, na Gilbert na Lynch wakalithibitisha mwaka 2002. Hesabuni na mashine pia: tatu zinavumilia kifo cha moja, tano zinavumilia viwili, na nne bado zinavumilia kimoja tu, maana wingi wa nne ni tatu. Ya nne mtainunua bure.

Na zile sekunde mbili zetu? Zilikuwa kisio tu. Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha mwaka 1985 kwamba, pasipo kikomo cha ucheleweshaji, hakuna algorithimu isiyotumia bahati nasibu inayohakikisha maafikiano, yaani mashine kukubaliana juu ya jambo moja, yatafikiwa daima, hata kama mashine inayoweza kufa ni moja tu. Kwa hiyo msitafute muda sahihi wa kusubiri. Jengeni mfumo ambao ukikisia vibaya unachelewa tu, bila kuharibu kitu.

Kwa maafikiano, anzeni na algorithimu ya Raft, iliyochapishwa mwaka 2014, ndipo mwende kwa nyingine iitwayo Paxos. Maabara si lazima. Laptopu moja inatosha: endesha michakato mitatu, yaani programu yenu mara tatu kwa pamoja, kila mmoja na mlango wake wa mtandao. Wengi humuua kiongozi kisha wakaridhika. Msimuue, msimamisheni kwa amri ya kill -STOP, subirini wenzake wachague mwingine, halafu mwamsheni kwa kill -CONT. Ataamka akiamini bado anaongoza, na atatuma amri yenye namba ya muhula uliopita, yaani kipindi chake cha uongozi kilichokwisha. Kodoleeni macho maandishi ya wale wawili kwenye skrini mwone kama wanaikataa.