Kabla ya kuandika miwani, mning'inizie nati

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima macho, kabla hamjazoea vifaa vya kliniki tafuteni uzi wa mita moja na nati ya baiskeli. Ining'inizeni mlangoni, mmoja aisukume iende kushoto na kulia tu, mwingine asimame hatua tatu mbele yake. Kisha aweke kioo kimoja cha miwani ya jua mbele ya jicho la kushoto, aendelee kutazama kwa macho yote mawili. Nati itaanza kuzunguka! Ikienda kulia inapita mbali, ikirudi kushoto inapita karibu naye. Kioo kikihamia jicho la kulia, mzunguko unageuka.

Uzi ni uleule. Jicho lenye giza hufikisha habari kwenye ubongo kwa kuchelewa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kitu kikiwa kimetulia, hilo halina neno. Kikiwa kinakwenda, jicho moja linakiona kilipo, jingine pale kilipokuwa, na ubongo unaisoma tofauti hiyo kama umbali. Carl Pulfrich wa Zeiss, kampuni ya lenzi na vifaa vya kuonea kule Jena, Ujerumani, aliliandika jambo hili mwaka 1922, naye alikuwa haoni kwa jicho moja, kwa hiyo hakuweza kulishuhudia mwenyewe. Chanzo chake kilielezwa na mwenzake kazini, Ferdinand Fertsch.

Haya niliyasoma, nikafaulu mtihani, nikayaacha hapohapo. Akaja kijana wa bodaboda, mtoto wa jicho ameanza jicho la kulia. Kwenye picha ya inzi, ile ya kupimia kama macho mawili yanaona kina, yaani umbali wa vitu, alinyoosha vidole akayashika mabawa hewani, nikaandika kwamba kina anakiona vizuri. Akaniambia, "Daktari, njia panda gari likitokea kushoto naona linanijia mimi. La kulia naliona liko mbali, kumbe limeshafika." Nikamjibu atazoea. Jibu lile linaniuma mpaka leo, maana picha ya inzi imetulia, na yeye shida yake ilikuwa vitu vinavyokwenda.

Aliporudi nilimning'inizia nati. Akaiona inazunguka bila kioo chochote, maana mtoto wa jicho alishalitia jicho lake giza kama kile kioo. Tukamwekea lenzi yenye giza kidogo kwenye jicho lisilo na ugonjwa, tukiibadilisha mpaka nati ikanyooka, akaitumia hiyo huku akisubiri upasuaji.

Nati ile iko kwenye droo yangu ya juu. Kila anayekuja na tatizo la jicho moja, liwe mtoto wa jicho au neva iliyovimba, huitazama kwanza.